Ubeti Usiojibiwa

Kikombe kilipasuka nyuma ya pazia, upande wa wanawake, na Mudrick akakatiza maneno yake.

Alikuwa amefika patamu. Kijana huyu wa Kongwa, aliyejifunza mizani ya mashairi bila mwalimu na asiyekubali kuzidiwa, alikuwa ameitwa Miyuji kwenye hitima ya mzee Abdulswamadu, afasiri shairi ambalo marehemu aliliacha juu ya binti yake Anifa, aliyetangulia. Beti zilipokezana: huu walalama, unaofuata wapoza. Wa mwisho ulilalama:

*Paji langu lasujudu, moyo wangu umegoma.*

"Basi ndugu zangu," alikuwa amesema, "mshairi alishindana na nafsi yake, na mwisho nafsi ikashinda. Alifariki akiwa amegombana na Mola wake."

Sasa wanaume walitazama mkeka. Rajabu, mdogo wa marehemu, akasogea. "Kijana, umekuja kula pilau au kumtoa kaka yangu kwenye dini?"

"Nimesoma kilichoandikwa, mzee."

"Amesoma," ilisema sauti nyuma ya pazia. Alikuwa mjane mwenyewe, Bi Adija, aliyekuwa edani. "Ila hakujua tulikuwa wawili. Mimi nalia, yeye anaandika ninayoyasema, kisha ananijibu. *Na ugome utarudi, mlango hajaufunga*: huyo ndiye mume wangu. Aliyegoma ni mimi. Ubeti wa mwisho aliuandika asubuhi. Jioni hakukuwa na wa kunijibu."

"Shemeji, unajua unachosema mbele za watu?"

"Najua. Nikinyamaza, nitakuwa nimemzika na maneno yangu."

Rajabu akamnong'oneza Mudrick, "Wewe si fundi? Tunga ubeti wa toba, wa kufungia. Utuondolee aibu."

Ubeti ulimjia palepale, vina vimekaa vizuri, na hilo ndilo lililomtisha. Kwa pumzi moja angeweza kumfanya mama wa watu aonekane amepona.

Akalisogelea pazia, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimemsingizia mumeo, na hawa wote ni mashahidi. Nakuahidi: popote nitakaposoma shairi hili nitasema ni la watu wawili, na nikifika kwenye ubeti wako nitanyamaza hapo. Sitakutungia jibu; nitasubiri mpaka utakapolipata mwenyewe."