Kifuniko cha Tangi

Mudi, fundi wa Quionga, alichomeka kimashine chake cha kupimia magari chini ya usukani, akasoma, akacheka.

"Mzee Latifo, injini haina neno. Ni kifuniko cha tangi hakikukazwa, mvuke wa petroli unatoka. Taa ya injini inawakia hilo tu."

Latifo hakucheka. Miezi mitatu nyuma alikuwa anamkimbiza mkewe, Wahida, hospitali ya Palma. Askari wa kizuizi cha barabarani walifungua kifuniko hicho, wakapima mafuta kwa kijiti kama kawaida yao, eti watu wasiwapelekee waasi porini, wakakirudisha ovyo. Mbele taa ikawaka. Akaogopa gari lisimzimikie msituni akiwa na mgonjwa, akaligeuza. Wahida alifia nyumbani.

"Siku ile ningefika?"

"Palma? Ungefika hata Pemba kule kusini, mzee..." Mudi akakumbuka ni siku ipi, akachomoa kimashine chake.

Latifo hakuhisi kitu. Wakubwa walioamuru mafuta yapimwe kwa kijiti kile hata jina la Wahida hawalijui, wala hawataliuliza.

Wakati wa kurudi nyumbani, askari wa kizuizi kile akapima tena.

"Haya, babu, pita."

Latifo akashuka, akakikaza kifuniko mwenyewe mpaka kikatoa mlio, akaondoka. Taa haikuwaka.