Kiangazi Nilichomchagulia Annika

Binti yangu Annika alipokuwa na miaka minane, maneno yalikuwa yakimkwama kinywani. Akisoma kimya, hakuwa na shida. Ukimwambia asome kwa sauti, aling'ang'ania herufi ya kwanza mpaka macho yanamtoka. Mwezi wa Mei mwalimu wake alitushauri tumtafutie programu ya kusoma wakati wa likizo ya kiangazi.

Zilikuwa mbili. Maktaba ya mtaani kwetu, hapa mjini Duluth, iliwakalisha watoto chini kwenye zulia, kila mmoja akimsomea mbwa mzee aitwaye Otto kitabu chochote akipendacho. Nyingine ilikuwa ya kituo cha tuisheni kule kilimani: mtihani kila Ijumaa, na majina ya watoto ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho.

Annika alitaka mbwa. Baba yake, Curtis, akamuunga mkono.

"Mbwa hamcheki mtu," alisema.

"Wala hamfundishi mtu," nikamjibu. "Au wewe ulifundishwa na mbwa, ndiyo maana hukumaliza shule?"

Nilidhani nimetania. Curtis alivaa kofia yake akatoka kwenda kukata majani, na suala lile hakuligusa tena. Nikamwandikisha mtoto tuisheni.

Kufika Julai, Annika akawa anaumwa tumbo kila asubuhi. "Mama, leo tu. Leo tu nisiende." Nikasema ni deko, atazoea.

Ijumaa moja nilifika mapema kumfuata. Mlango wa darasa ulikuwa wa kioo. Nikamwona amesimama mbele ya wenzake, kitabu mkononi, mdomo wazi, neno halitoki. Mvulana mmoja alikuwa anamwigiza, "B-b-b-b," na darasa zima likicheka, na mwalimu akitazama saa. Annika aligeuza uso, macho yetu yakakutana.

Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kitasa. Nikauachia. Nilijiambia kwamba nikiingia nitamwaibisha zaidi, nikarudi kukaa garini. Alipotoka, alifunga mkanda akatazama dirishani mpaka nyumbani.

Jumatatu hakushuka kitandani, nami sikumlazimisha. Alasiri nilimpeleka maktaba, kwa yule mbwa. Mkutubi, Bi Maki, alitupokea kwa upole.

"Jamani, mmechelewa. Programu tumeifunga Ijumaa. Otto amechoka, nguvu za miguu zimemwisha."

"Haidhuru," Annika alisema, kabla sijafungua mdomo.

Ana miaka kumi na sita sasa. Shuleni anafaulu, na kigugumizi kimepungua chenyewe. Lakini mbele yangu hajasoma kwa sauti hata mstari mmoja. Majira ya baridi yaliyopita niliingia jikoni nikamkuta anamsomea baba yake matokeo ya hoki gazetini, anakwama, anaendelea, wote wawili wanacheka. Aliponiona, akalikunja gazeti.

Sikuweza kuvumilia. "Annika, nisamehe kwa kiangazi kile."

Aliliweka gazeti mezani. "Nilikuona mlangoni, Mama."

"Najua, mwanangu."

"Nilidhani unaingia kunichukua."

Curtis alinisogezea kiti. Annika akainuka, akaniuliza kama nataka kahawa, nikasema ndiyo. Tukainywa sote watatu, tukizungumza habari za theluji.