Chelezo cha Uzi Mweusi

Pwa.

Kimya. Kisha tena, mbali kidogo, kule kwenye visiki: pwa.

Rigobert alisimama ameshika pumzi. Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umelala juu ya bwawa, na hakuona hata ncha ya fimbo yake ya kuvulia, lakini sauti ile aliijua kama alivyokijua kikohozi cha mkewe. Ulikuwa mdomo mpana wa tilapia mzee akinyonya wadudu juu ya maji. Walikuwa watatu, labda wanne. Basi wapo. Wapo, na mtu pekee aliyeamini hivyo alikuwa yeye, aliyekuwa akiitwa mwizi wao.

Bwawa lile la Karavia lilikuwa mali ya mzee Ephraïm. Kwa miaka kumi na moja Rigobert alililinda, akiishi na mkewe Wivine katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya payote, banda la nyasi la wageni. Wageni walikuja siku za mapumziko, wakavua, wakapiga picha wakiwa wamembeba samaki, kisha wakamrudisha majini, maana ndiyo iliyokuwa sheria ya mzee huyo, patron wake. Lakini tangu Pasaka hakuna mgeni aliyeinua hata mmoja. Ndipo Guelor, mpwa wa patron, alipoanza kusema kwamba bwawa ni tupu, na kwamba mlinzi alilimaliza taratibu, samaki wakienda mtaa wa Kamalondo ndani ya kikapu cha Wivine kila alipokwenda huko kusuka watu nywele.

Wavu ungemaliza ubishi. Lakini maji yale yalifunika shamba la zamani la mikaratusi, visiki vikaachwa humo humo, na kila wavu uliotupwa ulibaki chini. Basi siku ya Ijumaa mzee Ephraïm alitoa neno lake bila kupaza sauti. Angefika Jumamosi saa sita mchana. Akikuta samaki mkubwa mmoja tu, aliyevuliwa kwa ndoana, Rigobert atabaki. Asipomkuta, angewaita polisi, ambao alikwisha kuzungumza nao. Guelor aliachwa akeshe pale, samaki asije akanunuliwa sokoni.

Ukungu ulipoinuka, Guelor alikuwa chini ya payote, miguu juu ya sanduku la barafu, telefone mkononi.

Rigobert alifungua kopo lake la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vyelezo arobaini vya kizibo alivyovichonga mwenyewe na kuvipaka rangi, nyekundu juu, nyeupe chini. Hakuna kitu alichokionea fahari kuliko kopo lile. Injinia mmoja wa mgodini aliyekuwa akija zamani alimwachia fimbo nyepesi na ufundi wa kufunga uzi na unyoya wa kuku kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu wa majini. Tilapia mzee humnyonya mdudu huyo na kumtema kabla mkono haujahisi lolote. Chelezo kinachoelea juu ndicho kinachosema. Bila chelezo mvuvi ni kipofu.

Alirusha. Kizibo kikaanguka, top, na duara la mawimbi likatanuka hadi kwenye visiki. Midomo ikanyamaza. Alingoja mpaka miguu ikafa ganzi.

Alijaribu kipande cha sponji alichokata kwenye kandambili. Kilianguka taratibu zaidi, lakini upepo ulikikamata ukakisukuma kama mtumbwi, na mdudu akaburutwa nyuma yake kwa namna asiyokwenda mdudu yeyote. Alijaribu bua la unyoya wa kanga, jembamba, la kijivu. Hilo halikupiga kelele, ila uzito wa ndoana ulilizamisha, na kila lilipozama moyo wake uliruka bure.

"Papa Rigo," Guelor aliita, "ubaite kwa majina. Pengine bamelala."

Saa tatu ilipita, kisha saa nne. Alirudia kizibo chekundu kwa kuwa hakuwa na kingine. Aliwaza chumba cha polisi. Aliwaza shemeji yake wa Kamalondo, mwenye chumba kimoja na watoto watano, akimfungulia mlango Wivine aliyebeba godoro kichwani.

Wivine alikuja na bukari, ugali wa mahindi, ndani ya sahani iliyofunikwa. Hakuuliza kama amepata, uso wa mumewe ulikuwa umekwisha kumwambia. Alichuchumaa kando ya kopo, akaokota chelezo kimoja, akamwita mumewe kwa jina la binti yao.

"Baba Exaucée, njo hizi unapatiaka bageni bote?"

"Njo hizi," Rigobert alikubali.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Sasa we ungekuwa samaki, bamekuvuta mudomo mara kumi chini ya kitu nyekundu, ungerudia?"

Rigobert alimtazama. Kisha akachukua chelezo kimoja kisicho na mshipi wala ndoana, akakiweka majini kwa vidole, taratibu, bila mlio, akakiacha kielee. Kilifika penye kivuli cha kisiki. Mgongo mweusi uliokuwa umesimama hapo ukageuka, ukazama.

Akaketi chini. Miaka kumi na moja ya kuvuliwa na kurudishwa, na kila mara juu ya kichwa cha samaki palikuwa na kizibo kilekile chenye rangi ileile. Hakuna aliyeliiba bwawa. Yeye ndiye aliyelifunga, kwa mikono yake, kwa ufundi aliosifiwa.

"Ni mimi niliyewafundisha kuogopa," alisema polepole.

Wivine alikuwa akijikuna chini ya kikwembe alichojifunga kichwani. Alhamisi rafiki yake Nono alimsuka kwa uzi mweusi wa sufu, misuko iliyosimama kama miale, kwa ajili ya sherehe ya kwaya Jumapili. Kipande kidogo cha uzi kilidondoka begani mwake, upepo ukakichukua ukakilaza juu ya maji. Hakikutoa sauti wala duara. Kilielea hatua mbili. Mdomo ukapanda kutoka gizani, pwa, ukakionja, ukakitema, ukabaki palepale bila woga.

Wote wawili walikiona.

"Nipe nywele yako," Rigobert alisema.

"Ya nini? Unataka kuniroga mbele ya bantu?"

Lakini alikuwa tayari amefungua kikwembe. Guelor aliinua telefone. Wivine akamtazama mpaka akaishusha, kisha akaanza kufumua, msuko baada ya msuko, kichwa wazi kwenye baridi, nywele zikichomoka huku na huku. Kazi ya nusu siku ya Nono iliishia mapajani mwake. Alimpa mumewe nyuzi, na kutoka mfukoni akampa kikopo cha mafuta ya nywele bila kuombwa, maana alijua uzi mkavu hunywa maji.

Fundo la kwanza, kubwa kama punje ya mahindi, ndoana ililizamisha. La pili, kubwa kama tunda la mkaratusi, lilielea vizuri lakini lilianguka kwa kishindo. Rigobert alilipunguza kwa wembe, akalichambua kwa kucha mpaka likawa kama manyoya ya kifaranga, akalipaka mafuta tena, akaliweka shubiri tatu juu ya mdudu. Safari hii lilitua kama vumbi.

Na hapo akagundua kwamba haoni kitu. Weusi juu ya weusi. Macho yake ya miaka hamsini na minne yalipita juu ya maji bila kukamata lolote.

"Niko naona mimi," Wivine alisema. Macho yale yalizoea kugawa nywele mistari.

"Basi usiseme. Unishike bega tu likizama."

Alisimama nyuma yake. Gari la patron lilinguruma getini. Mlango ukafungwa, viatu vikaja juu ya kokoto. Mzee Ephraïm alisimama chini ya payote akatazama saa yake. Guelor akaanza kutembea juu ya mbao za gati, akikanyaga kwa nguvu. Rigobert hakugeuka. Alitazama mahali asipoona, akajihisi hana kitu kingine duniani isipokuwa kiganja kile nyuma yake, ambacho kilikuwa bado hakijamgusa.

Kikamgusa.

Akainua. Fimbo ilipinda hadi kwenye mpini, mshipi ukakata maji kuelekea visiki. Aliufuata, akaingia majini hadi magotini, hadi kiunoni, akimgeuza samaki kwa upande, akimsihi kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Samaki akaja kwa ubavu, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Rigobert alimkumbatia kifuani akatoka naye, maji yakimchuruzika.

"Aliinunua ku so..." alisema Guelor, na hata yeye hakulimaliza neno.

Mzee Ephraïm aliinama. Kwenye mdomo wa samaki, kando ya ndoana mpya, mlikuwa na nyingine ya zamani, yenye kutu, imefungwa uzi mwekundu kwa fundo ambalo Rigobert peke yake alilifunga, kwa ajili ya wageni wa bwawa lile. Aliigusa kwa kidole.

"Iko," alisema. Akacheka kidogo, kama mtu aliyekuta funguo zake mfukoni. "Muzuri. Basi kila Jumamosi, saa sita, utanivulia moja hapa mbele yangu. Njo nitajua ziko."

Hakumtazama Rigobert machoni. Alikuwa ameanza kumuuliza Guelor kama bia ni baridi.

Rigobert alipiga magoti, akatoa ndoana zote mbili, akamrudisha samaki majini kama sheria ilivyotaka. Akafungua fundo la sufu, akalikamua, akaliweka kwenye kiganja cha mkewe. Wivine alikuwa akijaribu kufunika kichwa, na vidole vyake vilikuwa vimekufa kwa baridi. Akamfungia kikwembe yeye mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ambayo payote nzima iliisikia:

"Mama Exaucée, kesho kabla ya misa nitakusuka mimi, hata mistari ikipinda. Na Jumamosi inayokuja, saa sita, hatutakuwa hapa tena kupimwa. Nakuahidi."