Theluji ya Lukwangule

Mtu akingoja mvua Morogoro, humshangai. Lakini wale watatu wa Msamvu walikuwa wakingoja theluji, na hao usipowashangaa una lako jambo.

Wa kwanza alikuwa Eustace, Mluguru wa Tchenzema, aliyepunguzwa kazi kiwanda chao kilipouzwa, akabaki na kifua kilichojaa vumbi la pamba na muda mwingi wa kutazama mawingu. Wa pili ni Nasibu, fundi redio, ambaye kibandani kwake kulikuwa na redio za kila namna na televisheni moja ya mteja asiyerudi kuichukua. Wa tatu ni Chausiku, Mnyamwezi wa Urambo, muuza mitumba. Biashara ya nje ilipofunguliwa, marobota yalianza kumwagika kutoka Ulaya, na katikati ya magauni na suruali Chausiku alikuwa akikuta makoti mazito kama magodoro na glavu za sufu ambazo hakuna mtu wa Morogoro aliyekuwa na haja nazo. Akawa anajiuliza ni baridi gani hiyo inayomvalisha mtu godoro. Swali hilo ndilo lililomfikisha kwenye benchi la Nasibu.

Kila jioni walikaa hapo kusikiliza utabiri wa hali ya hewa wa nchi ambazo hawatazikanyaga maishani. Kipupwe kikiingia, Eustace hakushikika. Alining'iniza kipimajoto mlangoni kwa Nasibu na kukichungulia kila mara, kama mama anayechungulia maandazi.

"Lukwangule ni juu sana," alikuwa akisema, akionyesha kwa kidole milima ya Uluguru. "Babu yangu alikuta nyasi nyeupe kule, ukizikanyaga zinavunjika. Ile ilikuwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Theluji ni ndugu yake sakitu."

"Baba mmoja, mama mbalimbali," Nasibu alijibu, na Chausiku akacheka.

Chausiku na Eustace walikuwa watani. Wanyamwezi na Waluguru wametaniana tangu enzi za wapagazi, kwa hiyo Eustace aliweza kuchukua koti zuri kuliko yote mezani kwa Chausiku na kuondoka nalo, na mwenye mali asiwe na la kusema. Chausiku naye alimwita mtumwa wangu mbele za watu na kumpa habari za uongo kila alipojisikia. Ila alikuwa na utaratibu wake: akishamdanganya mtu, alicheka, ili mwenzake ajue amepatikana.

Julai ile baridi ilikuwa na kisirani. Chausiku alirudi kutoka mnadani Nyandira, alikokwenda kuuza masweta, akiwa amelowa chapachapa na meno yanagongana. Akawakuta wanaume wawili wameinamia redio. Mdomo ukamwasha.

"Nyie kaeni tu na hilo dude lenu linalokoroma," akasema. "Theluji imeanguka jana Lukwangule. Watu wa Tchenzema wanaichota kwa ndoo, wanawekea maziwa yasichache. Mtumwa wangu, kwenu kunatokea makubwa, wewe uko huku unasikiliza habari za Wazungu!"

Eustace akasimama. "Umeiona kwa macho yako?"

"Nisingeiona ningelowa hivi?"

Hapo ndipo alipotakiwa kucheka. Lakini mama mmoja alikuwa mezani kwake akiulizia shuka, naye akakimbilia shuka. Baada ya shuka akaja mwingine wa pazia, na alipopata nafasi ya kugeuka, Eustace alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake mchana alipita kwa Nasibu. "Mtumwa wangu bado kalala?"

"Alale wapi! Kapanda lori la mboga alfajiri. Kaenda kuona theluji yako."

Chausiku akacheka mpaka akashika mbavu. Akilini alimwona Eustace akiingia kwa dada yake kule Tchenzema na kuuliza ndoo ziko wapi, na ukoo mzima ukimzomea.

"Hata hapiti kwao kwanza," Nasibu aliendelea, macho yako kwenye waya anaouchomelea. "Alisema anashuka njiani aingie moja kwa moja msituni. Anaogopa itayeyuka. Na bahati yake nzuri: utabiri wa leo unasema mvua, upepo mkali, na baridi itazidi milimani. Labda itaanguka nyingine!"

Chausiku akaacha kucheka. Alikijua kifua cha Eustace. Kilikuwa kinapiga filimbi akipanda ngazi tu, na Lukwangule si ngazi. Alitazama milimani. Uluguru haikuwepo, mahali pake palikuwa na wingu jeusi lililokaa kitako.

Hakumweleza Nasibu kwamba ulikuwa uongo. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa imeshaanza kugeuka hofu. Alifunika meza yake kwa turubai, akapata pikapu ya wachuuzi wa mboga iliyokuwa ikirudi mlimani na matenga matupu. Walipoipita Mlali na barabara ikaanza kupanda, mvua ikawapokea. Chausiku alikaa katikati ya matenga. Katika kila kona alijiambia kwamba atamkuta Eustace barazani kwa dada yake, amekasirika, anamtukana. Hakuwahi kutamani tusi la mtu namna ile.

Bernadeta, dada yake Eustace wa tumbo moja, alikuwa barazani anachambua njegere pamoja na mumewe Fransisko na majirani wawili waliokimbilia hapo mvua. Eustace hakuwepo.

"Ficheni kuku!" Bernadeta akapiga kelele alipomwona. "Mnyamwezi kaingia!"

"Shikamoo, dada Bernadeta."

"Marahaba! Leo kaja na utani wa adabu, jamani."

"Dada, Eustace yuko Lukwangule. Kapanda tangu asubuhi, peke yake. Na kifua kile."

"Kafuata nini Lukwangule kwenye hali hii?"

Chausiku akainamisha uso. "Kaenda kutazama theluji."

Baraza zima likaangua kicheko. Fransisko alicheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. Na utawalaumu vipi? Mwaka uliopita mwanamke huyu huyu alifika hapo hapo mbio mbio na kuwatangazia kwamba Eustace ameshinda bahati nasibu. Wakachinja jogoo, wakapiga vigelegele, naye akala paja ndipo akacheka.

"Nawaapia kwa Mungu, sitanii!"

"Sema na Mtume," Fransisko akamwambia, "tuone kama utathubutu."

Akaapa na kwa Mtume. Wakacheka. Machozi yakamtoka, na jirani mmoja akamwambia mwenzake, "Tazama, hata machozi kayaleta!" Akapiga magoti kwenye tope la uani. Fransisko akampigia makofi, akasema hakika Wanyamwezi ni mafundi. Ilikuwa kama ndoto ile ya kupiga mayowe na sauti haitoki, ila hapa sauti ilitoka na kila mtu aliisikia na kuifurahia. Huku nyuma ya nyumba ukungu ulikuwa ukishuka, umeshaimeza mipichi ya juu, unaifuata ya chini. Chausiku aliutazama. Kila walipocheka, mtu mmoja huko juu alikuwa akipoa.

Mwishoni Bernadeta akamwonea huruma, huruma ya kiutani. Akamsogezea ungo wa njegere zilizokwisha kuchambuliwa. "Haya, kwapua uende zako. Utaumwa kwenye tope hilo."

Chausiku hakuutazama ungo. Macho yake yalikuwa mlimani.

Bernadeta akangoja. Akausogeza tena mpaka ukamgusa goti. Siku zote mtani huyu hakuwahi kuingia uani pale bila kuondoka na kitu, hata kama ni mwiko wa ugali. Tabasamu likamtoka Bernadeta usoni taratibu.

"Fransisko," akaita. "Mbona hachukui?"

Hapo ndipo walipoamini. Fransisko akakurupuka kutafuta panga na mablanketi, majirani wakatoka mbio kuita vijana. Bernadeta akamshika Chausiku kifundo cha mkono, akamkaza. "Nani kamwambia kuna theluji? Nani?"

"Redio," Chausiku akasema. Neno lilijitokea lenyewe. Bernadeta akailaani redio, na aliyeitengeneza, na umeme wake, na Chausiku akaiacha ilaaniwe.

Walipanda kwa kukimbia na kupumzika. Msituni kulikuwa giza kabla ya saa ya giza. Kila tawi lilikuwa na ndevu za kuvumwani, na matone yanaanguka shingoni. Wanaume waliita, "Eustace! Eustace oo!" na ukungu ukanyonya sauti zao. Chausiku alifuata nyuma, ndala mkononi, akiteleza, akishika mizizi. Aliogopa wasimwone. Kisha akaogopa wamwone. Alimwomba Mungu ampe Eustace hasira tu, hasira za kumfanya asikae chini.

Walipotokea kwenye uwanda wa juu, upepo ukawapiga usoni. Ni nyasi tupu huko, zimelala upande mmoja, zinang'aa maji. Hapakuwa na kitu cheupe hata kimoja.

Walimkuta nyuma ya kichuguu, amekaa, magoti ameyakumbatia. Lile koti la mitumba lilikuwa limelowa maji mpaka wanaume wawili walishindwa kulivua upesi. Alama za viatu vyake zilizunguka huku na huku kwenye tope. Alikuwa ametafuta kote, kwa uangalifu, kama mtu anayemwamini aliyemtuma. Fransisko akaweka sikio kifuani pake. Akalikaza, akafunga macho. Filimbi haikulia.

Walimzika siku ya pili, kwao, mvua ikiwa imekatika. Watu walijaa. Katekista alimaliza sala zake, udongo ukajaa, akina mama wakalia mpaka sauti zikawakauka. Kisha Fransisko akageuka kuwatazama waombolezaji.

"Mtani wetu yuko wapi? Tumelia vya kutosha. Aje atufute machozi."

Ndivyo desturi ilivyo. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumsema marehemu, kumwigiza anavyotembea na anavyokohoa, mpaka wafiwa wacheke na kukumbuka kuwa wao bado wako hai. Watu wakampisha Chausiku njia. Mlimani aliogopa mtu kufa. Hapa aliogopa Bernadeta, aliyekaa mkekani, macho yamevimba, anamngoja.

Angeweza kumwigiza Eustace na kipimajoto chake. Angeweza kuisema redio. Alifungua mdomo akijua kwamba akiinyamazia kweli leo ataoza nayo.

"Mimi ndiye niliyemuua," akasema.

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa furaha.

"Hakuna redio iliyosema lolote. Ni mimi. Nilitoka Nyandira nimelowa, nikamwambia theluji imeanguka kwenu, watu wanaichota kwa ndoo, wanawekea maziwa."

"Kwa ndoo!" sauti ya kike ikadakia, na kicheko kikapasuka, kikapita mstari kwa mstari mpaka kwa wazee waliokaa kwenye viti.

"Sitanii. Nisikilizeni. Nilitaka kucheka, nikaitwa na mteja wa shuka."

Wakashikana mabega. Mzee mmoja alikohoa kwa kucheka. Nasibu peke yake, aliyesimama nyuma kabisa, hakucheka. Alikuwa anatazama chini, na watu wakadhani ni aibu ya mgeni. Chausiku akamgeukia Bernadeta, akaita jina lake, akamwambia kwa sauti ya kuvunjika kwamba ni kweli, kila neno ni kweli, amwamini kama alivyomwamini siku ile ya ungo.

Bernadeta alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Alipoishusha, Chausiku aliona anacheka, anacheka na machozi yanamtiririka, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu walipomteremsha ndugu yake mlimani.

"Asante, mtani," akasema akihema. "Mungu akubariki. Nilijua mimi sitacheka tena." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasogea mkekani ili asikie vizuri. "Hebu rudia. Rudia ile ya ndoo."

Watu wote walikuwa wakimtazama. Chausiku akarudia.