Mpira Kwenye Swichi

Vumbi la mbao za mukima lilikuwa limeingia kila mahali: kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye mikunjo ya shingo. Katika banda lao la mabati pale Siakago, Igoki, mke wa fundi Njue, alisimama mbele ya msumeno wa pembe, ule wa stima wa kukatia mbao mshazari, akijifunza viungo vyake, kama bibi harusi anayetambulishwa kwa wakwe.

Hii ni meza, huzunguka kushoto na kulia. Huu ni ukuta, mbao huegemea hapa. Hizi ni digrii. Hiki ni kifuniko, hushuka chenyewe kuziba meno. Na meno, jamani, meno! Igoki akarudia jina baada ya jina, ulimi ukazoea.

"Na hapa kwa mpini kuna swichi," Njue alisema. "Ukibonyeza, inakata. Ukiachilia, inanyamaza."

"Na mbona unanifundisha mimi, Baba Kaari?"

"Kazi imekuwa mingi."

Akaamini. Akafurahi, hata akawaringia akina mama wa kanisa.

Njue akampa mgongo, akashughulika kidogo na mpini, kisha akaanza kukata fremu ya dirisha. Stima ikapotea. Msumeno ukazimika katikati ya mbao, meno yamekwama ndani. Njue akaenda mlangoni kuuliza majirani kama nao wamepotelewa.

Igoki akanyoosha mkono aichomoe ile mbao. Hakuna stima, hakuna aliyeshika mpini, basi hatari itoke wapi?

Stima ikarudi.

Lo! Msumeno ukanguruma peke yake, peke yake kabisa! Mbao ikaruka, ikapita sikio lake, ikatoboa mabati. Njue akatimka, akachomoa waya kwenye soketi. Kimya. Igoki akahesabu vidole vyake, akarudia kuvihesabu, na bado hakuamini kwamba ni vyake.

Hapo ndipo alipouona: mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa kwenye mpini, umeibana swichi isiachilie.

"Na hii inaitwaje?" Sauti ilimtoka kwa ukali. "Hii hukunifundisha! Inaitwaje?"

Njue aliinua mkono wake wa kulia, akajaribu kuukunja. Vidole viwili vilikunjika. Vingine vilibaki vimesimama, kana kwamba havikusikia.

"Hii mkono haishiki tena, Mama Kaari. Ilikufa ganzi tangu mwaka jana. Bila hiyo mpira siwezi kukata."

Woi! Mwaka mzima! Amempakulia, amemfulia, amelala ubavuni mwake, asijue. Kikombe kilipohamia mkono wa kushoto, yeye aliona ni mazoea tu. Na haya masomo ya meza na ukuta na digrii, kumbe hayakuwa ya kazi nyingi. Mume wake alikuwa anamkabidhi kazi yake, kiungo kimoja kimoja, na hakuwa na ujasiri wa kulisema jambo hilo.

Alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia. Akachukua patasi, akaukata ule mpira, akautupa nje.

Kisha akarudisha waya kwenye soketi, akaweka mbao mpya, akashika mpini.

"Digrii ngapi?"

"Arobaini na tano. Lakini wacha nikushikilie hiyo mbao..."

"Weka mikono yako nyuma, Baba Kaari. Yote miwili. Nisiione hapa."

Na Njue, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwamrisha katika banda lile, akaiweka nyuma.