Kizibo cha Doto

Mama Kulwa alikuwa akipepeta mchele nje ya nyumba yake, karibu na Isikizya, magunia mawili ya mbolea yalipofika. Moja lilikuwa la naitreti, jingine la amoniamu. Adriano, mtafiti wa ngano, alitaka nusu ya shamba lake la majaribio ipate hili na nusu ipate lile. Mama akawagawia mapacha wake, wanawake wa miaka thelathini: Kulwa gunia la naitreti, Doto la amoniamu. Tangu awazae hajampa mmoja kitu akamnyima mwenzake, maana pacha aliyenyimwa huugua. Magunia yalilingana uzito. Akaona ametenda haki.

Kila hatua ya mstari pacha alimimina mbolea ya kujaa kizibo kimoja cha soda, kwa mkono mtupu.

Ngano ya Kulwa ikatoa machipukizi mengi. Ya Doto ikadumaa, mizizi yake mifupi. Kufikia Julai Kulwa aliinama kuingia mlangoni, na Doto hakuifikia tena rafu ya vyombo. Majirani walisema afadhali, sasa hawawachanganyi.

Adriano aliipima ngano, kisha akawapima mapacha kwa rula ileile.

"Shikamoo mama. Upande wa Doto homoni za ukuaji zimeshuka," alisema. "Amoniamu ikiwa peke yake huwa hivyo."

"Marahaba. Na zikichanganywa zote mbili?"

"Hapo kila kitu kinakua vizuri. Hilo tunalijua siku nyingi."

"Basi changanya, baba. Mwanangu anaisha."

"Nikichanganya jaribio limekufa, mama. Likifa, pampu ya maji ya mradi inaondoka."

Kiangazi chote kijiji kilikunywa maji ya pampu hiyo. Mama Kulwa alikasirika, lakini chai akamkaribisha.

Kulwa alitaka wabadilishane magunia. Doto akakataa.

"Si utaisha wewe? Mama atakuwa amepata nini?"

Walivuna Septemba. Ngano ya Kulwa ilijaza ghala, ya Doto ikatosha sufuria moja. Adriano alishukuru sana, akasema matokeo ni safi. Msimu uliofuata akaleta tena magunia mawili, kwa kuwa jaribio lazima lirudiwe.

Siku ya kuweka mbolea Kulwa alitembea kwa magoti ili mkono wake ufike chini. Mstari wa pili alipita Mama Kulwa, Doto yuko mgongoni kwenye kitenge. Kila hatua mama aliinama, Doto akamimina. Kizibo alikishika kwa mikono miwili.