Panya Wamevuka

Mwaka ule wa themanini na nne, ukikutwa na sabuni nyingi kuliko nguo zako wewe ni mlanguzi, kwa hiyo "panya" halikuwa neno la kusema kwenye simu. Njia za panya ndizo zilizopitisha magendo ya Kenya, na Musoma nzima ilijua. Mimi Jeska, muuguzi mwenye akili zangu timamu, nilisahau.

Kaka yangu Felisian alikuwa Ulaya akitengeneza dawa ya kansa. Kuna kijidudu cha udongoni kinachotoa sumu. Sumu hiyo imejikunja kiasi cha kuingia barabara kwenye mfereji wa uzi wa urithi, ule uliosokotwa ndani ya kila chembe ya mwili, na ikishaung'ang'ania, chembe haiwezi tena kuzaana, inakufa. Aliponieleza hayo akiwa likizo nyumbani Mugango, niliutazama udongo chini ya ndala zangu nikaogopa. Nani alikipimia kijidudu uzi wa mwanadamu?

Lakini sumu ile ilikuwa na hiana. Panya wa maabara wenye uvimbe walipona, watu wakashangilia, halafu baada ya wiki kadhaa panya hao wakafa ghafla, maini yameharibika. Felisian akaamua kuiunda mwenyewe upya, akibakiza ile sehemu inayong'ata uzi na kuondoa vinundu vya pembeni alivyovishuku kuharibu maini. Wakubwa wake walishachoka. Panya wa jaribio hili jipya nao wakifa, kazi yake yote inafungwa.

Siku tuliyopanga anipigie simu nikaenda posta, nikaingia kibandani. Sauti yake ilikuja ikikwaruza.

"Jeska, panya wamevuka. Wote."

Wamezivuka zile wiki za kifo; machozi yalinitoka. Laini ilikuwa mbovu, nikapaza sauti: "Wote? Hakuna hata mmoja aliyebaki njiani?"

Laini ikakatika, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Nassibu, opereta wa simu, visikizio vikining'inia shingoni.

"Sista, mnavushaga nini nyie?"

Akataja polisi. Nilianza kumweleza kwa hasira, nikamaliza kwa kunong'ona, maana kadiri nilivyolisema ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuwa kubwa. Mtu ameiga sumu ya udongo, akaifundisha adabu, na viumbe waliopaswa kufa sasa hivi wanakula.

Nassibu hakucheka. Aliurudishia mlango, tukabaki wawili.

"Hiyo dawa, ya titi inaweza? Mke wangu Kudura, hospitali wamesema amechelewa."

Nilitamani kudanganya. Nikamwambia bado ni panya tu. Mpaka ifike kwa watu ni miaka, na huenda isifike kabisa.

Akarudi kwenye mitambo yake, nami nikamfuata. Akachomeka waya, akaita Mwanza, akaita Dar es Salaam, akabembeleza mpaka Ulaya ikaitika. Nilidhani ananirudishia kaka yangu, nikanyoosha mkono. Hakunipa simu.

"Ndugu daktari," alisema, "hunijui. Kuna watu wanaisubiri hiyo dawa. Usilale."